Nilivyonunua Mashine ya Kimya

Wanaume wengine huwa na mpango wa kando. Wangu alikuwa na mashine ya kufyonza vumbi.

Aliipata kabla hatujaanza kuzaa, kwenye mnada wa shamba la mzungu mmoja kule juu karibu na Keringet. Mzungu alikuwa amezeeka, watoto wake walikuwa ng'ambo na hawakutaka kusikia habari za ng'ombe, basi vitu vyake vikatolewa nje, vikapangwa kwenye nyasi, watu wakapandishiana bei. Wenzake walirudi na majembe na mikebe ya maziwa. Mmoja alirudi na trekta isiyokuwa na magurudumu. Mume wangu aliteremka kwenye pikapu ya kukodi akiwa amepakata pipa la chuma lenye vigurudumu, na bomba lake refu limemzunguka shingo kama mkonga wa ndovu. Nikamuuliza hicho ni kitu gani.

"Huu ni usafi," akasema.

Wakati huo tulikuwa tunaishi chumba kimoja chenye sakafu ya simiti. Zulia hatukuwa nalo. Hata mkeka hatukuwa nao.

Ikabidi maisha yaifuate mashine. Tulipohamia mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, kabla hatujanunua kitanda cha maana, alinunua zulia la sufu la rangi ya chai ya maziwa na kulibandika sebuleni ukuta hadi ukuta. Sasa, mtu yeyote anayeijua Nakuru atakwambia hapa si mahali pa zulia. Wenye lugha yao wanasema hata jina lenyewe ni habari ya vumbi, na mimi siwezi kubishana nao, maana kiangazi kikishika, upepo ukitoka upande wa ziwa huja na unga mweupe unaopita chini ya mlango, ukapita kwenye dirisha lililofungwa, ukaenda kukaa ndani ya sukari. Isitoshe, mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko pembeni mwa sebule. Nyuzi zangu, vipande vya vitenge, pini, vyote huishia chini. Kwa hiyo zulia lilipata vumbi kutoka nje na takataka kutoka kwangu, na mume wangu akapata sababu ya kuishi.

Kila Jumamosi asubuhi alivuta mapazia, akafunga mlango kwa komeo, akavaa ovaroli ya bluu, akaiwasha. Sijui niieleze vipi ile kelele. Mashine ya kusaga unga ina adabu kuliko ile. Ilianza chini kama mtu anayesafisha koo, halafu ikapanda, ikapanda tena, mpaka vikombe vikaanza kucheza kabatini. Mbwa wa jirani alilia. Jirani mwenyewe, mama mpole asiyependa maneno na watu, aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama tunasaga mahindi ya watu bila leseni.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye kochi napiga pindo. Akifika upande wangu hakuniambia kitu, kwa sababu hata angesema nisingesikia. Aligonga tu mguu wa kochi kwa ncha ya bomba, nami nikainua miguu yote miwili juu, akapitisha bomba chini yangu, nikaishusha. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu siku ya Jumamosi. Na usidhani alikuwa mtu wa kazi za nyumbani. Tangu nimjue hakuwahi kusuuza kikombe. Chai ikimwagika mezani aliitazama kama habari za nchi nyingine. Lakini zulia hakumruhusu mtu kuligusa. Nikishika bomba aliniondoa mkono taratibu, akaniambia, "Wewe una mkono wa pini." Hakuwa amekosea, maana pini zangu zilikuwa zikicheza ndani ya lile pipa kama kayamba.

Alichukuliwa na presha. Aliugua muda mfupi, akalazwa, na asubuhi moja wakamkuta ameenda usingizini bila kumsumbua nesi. Nadhani ndilo jambo pekee alilowahi kulifanya kimya kimya.

Siku za matanga tuliisukuma mashine kwenye kona ili watu wapate pa kukaa. Dada yake, ambaye ni wifi yangu, akachukua kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa mkono akaifunika vizuri, kama watu wanavyofunika televisheni. Akina mama wa kanisa wakadhani ni mtungi wa kuchujia maji. Mmoja nilimwona ameinama na kikombe mkononi, anatafuta mfereji.

Baada ya hapo sikuigusa. Nilifagia zulia kwa brashi ya mkono, nimepiga magoti, na brashi kwa kweli ilikuwa inahamisha vumbi tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ile rangi ya chai ya maziwa ikawa rangi ya strungi, chai isiyoona maziwa. Kisha mwaka ukakaribia kutimia, ukoo ukakaa, ukaamua ibada ya kumbukumbu ifanyike nyumbani kwangu. Ukoo ukiamua jambo la nyumbani kwako huwa hauulizi hali ya zulia.

Siku chache kabla ya ibada nikaamua kuwa mtu mzima. Niliitoa mashine kwenye kona, nikaiondolea kitambaa, nikavuta mapazia kama alivyokuwa akivuta yeye, bila kujua ni kwa nini, nikaiwasha. Mwanzoni nilifurahia. Ina nguvu, siwezi kuisingizia. Nikapita katikati ya chumba, nikaacha barabara safi nyuma yangu, nikageuka kwa maringo kuelekea kwenye cherehani. Sasa, futi yangu, ule utepe wa kupimia viuno vya watu, ilikuwa inaning'inia ukingoni mwa meza. Bomba likaidaka ncha. Nikaiona ikiondoka mezani, inchi kwa inchi, kama mtoto anavyofyonza tambi. Kabla sijafikia swichi mashine ikakohoa. Ikatoa moshi unaonuka nywele zilizoungua. Halafu, kitu ambacho sikujua inaweza kufanya, ikatapika kupitia nyuma. Vumbi la Jumamosi zote za ndoa yangu likanirudia usoni.

Fundi wa redio wa pale kwa vibanda aliifungua, akachungulia, akawaita wenzake waje waone. Wakachungulia wote.

"Mathe," akaniambia, "hii spea zake ziko makumbusho."

Wifi yangu akafika kesho yake kutoka Longonot, amebeba trei za mayai na kabichi za ukoo mzima. Yeye ni mrefu kama kaka yake, na ana ile namna yao ya kusimama mlangoni kwanza akikagua nyumba kabla ya kusalimia watu. Kule kwake anafuga kuku, na anauza chai kwa wageni wanaolipa pesa ili wapande mlima kisha washuke, biashara ambayo hajawahi kuielewa lakini anaiombea kila siku. Alikagua sebule. Akaona kona iko tupu.

"Wifi, mashine iko wapi?"

"Iko stoo."

"Inafanya nini stoo?"

"Imepumzika."

"Imepumzika vipi?"

"Kama kaka yako."

Hakucheka. Alienda stoo mwenyewe. Ncha ya futi ilikuwa bado imechungulia kwenye mdomo wa bomba, maana fundi aliogopa kuivuta. Wifi akaitazama, akanitazama.

"Umeinyonga," akasema.

Asubuhi, kabla sijamaliza chai, alikuwa amevaa koti na kitambaa cha kichwa, mkoba uko begani. Akasema twende mjini tukanunue nyingine, na iwe kama ile ile, kwa sababu ukoo hauwezi kuja kumkumbuka mtu kwenye nyumba iliyofagiliwa kwa brashi. Mimi nilikuwa nimeshaamua kununua nyingine. Kuhusu ile ile, nikaenda kutafuta viatu.

Duka lilikuwa la vyombo vya umeme, la ghorofa. Unapita friji, unapita majiko, unapanda ngazi, na huko juu nyuma ya mashine za kufulia zimepangwa zile ambazo wao wanaziita vacuum. Sisi tulikuwa tumezoea kusema mashine tu, kama vile hakuna nyingine duniani. Muuzaji alikuwa mwanaume wa makamo mwenye tai fupi iliyoishia juu ya tumbo, na alifurahi kutuona kiasi cha kunitia wasiwasi.

Nikaona moja ya kijani nikamwita dada mtu. "Wifi, hebu kuja uone hii."

"Wifi iko, mathe," muuzaji akadakia, "lakini password anayo meneja."

"Mimi sina password," wifi yangu akamwambia kwa ukali. "Mimi ni dada ya marehemu."

Muuzaji akatoa pole, ingawa sidhani alijua anampa nani pole na ya nini. Ili kuokoa hali akaamua kutuonyesha kazi. Palikuwa na kipande cha zulia sakafuni cha kufanyia majaribio. Akachota udongo kwenye chungu cha maua kilichokuwa dirishani, akaumwaga juu yake, akausambaza kwa kiatu.

"Sasa muone maajabu."

"Huo si uchafu," akasema wifi.

"Ni udongo, mathe."

"Ni udongo wa maua. Huo umenunuliwa. Uchafu haununuliwi."

Muuzaji akanitazama aone kama mimi ni mtu wa afadhali. Nikatazama mashine za kufulia. Akaachana na ile ya kijani, akaleta kitu bapa cha mviringo, kama sufuria iliyofunikwa, akakiweka chini. Akabonyeza simu yake, kikaanza kutembea chenyewe. Kilienda kikagonga ukuta, kikafikiri, kikageuka, kikamjia wifi moja kwa moja. Akasogea kando. Kikasogea naye. Akaenda nyuma ya mashine ya kufulia. Kikazunguka kikamkuta huko.

"Hii kobe inanifuata kwa nini?" akauliza. "Imetumwa na nani?"

"Hapana mathe, hii ni roboti. Inajifanyia kazi yenyewe. Hata ukiwa Nairobi unaiamuru na simu, inafagia nyumba huku Nakuru."

"Nikiwa Nairobi," wifi akasema, ameinua sketi kidogo kama mtu anayevuka mto, "vumbi la Nakuru linanihusu nini?"

Hapo ndipo nikaiona yangu. Ilikuwa imening'inizwa ukutani, nyembamba, nyeupe, imesimama kama fimbo ya mzee wa kanisa. Nikauliza. Muuzaji akaitoa akanipa mkononi. Haikuwa na waya. Unaichaji kama simu, akasema, halafu unaenda nayo popote. Uzito wake kama paka. Nikabonyeza pale aliponionyesha, ikatoa sauti ndogo, kama mama anayembembeleza mtoto karibu na usingizi. Nikaipitisha kwenye ule udongo wa kununuliwa. Udongo ukaondoka. Nikaipitisha tena mahali palipokuwa tayari safi, kwa raha tu. Nataka kusema ukweli kuhusu wakati ule: katika nyumba yangu yote, kuanzia zulia hadi bati, hakukuwa na kitu kikubwa nilichowahi kukichagua mimi. Hata cherehani nilipewa na mama. Nilisimama pale na ile fimbo yangu nikahisi kama msichana aliyeulizwa swali la maana kwa mara ya kwanza.

"Hiyo imewaka ama bado?" wifi akauliza.

"Imewaka."

Akainama, akatega sikio. "Sasa majirani watajuaje mnafagia?"

Nikamwambia majirani wakitaka kujua waje waulize. Akamgeukia muuzaji. "Hamna ya kelele?"

Nadhani katika maisha yake yote ya kuuza vitu hakuna aliyewahi kumwomba kelele. Akaenda kwenye kona ya mwisho na kuvuta pipa jekundu lenye bomba nene, vumbi tupu juu yake. Hiyo, akasema, hununuliwa na watu wa kuosha magari na makanisa makubwa. Hufyonza hata maji. Mimi nilikuwa nimechoka, nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lile zulia la majaribio. Akachomeka waya, akaiwasha.

Ilianza chini kama mtu anayesafisha koo. Kisha ikapanda.

Sikufikiri kitu chochote. Naapa sikufikiri. Muuzaji alikuja upande wangu na bomba lake, likagusa mguu wa kiti, na miguu yangu ikainuka juu yote miwili, yenyewe, viatu vikaning'inia hewani. Yeye akapitisha bomba chini yangu kama kawaida, akanishukuru kwa kichwa, akaendelea mbele. Mimi nikabaki nimeinua miguu katikati ya duka la watu, sijui kama naruhusiwa kuishusha.

Wifi aliniona. Alikuwa akija kwetu wakati mwingine siku za Jumamosi, alilijua lile jambo. Aliitazama miguu yangu, akaketi juu ya boksi la mashine ya kufulia, akafungua mdomo akalia. Nilimwona analia lakini sikumsikia, kama televisheni iliyozimwa sauti. Mabega yalikuwa yanaenda juu na chini, kitambaa cha kichwa kimelegea. Na mimi, ambaye kaburini niliambiwa nina moyo wa jiwe kwa sababu sikupiga mayowe, machozi yalikuwa yananifika kidevuni. Muuzaji hakujua lolote, alikuwa ametupa mgongo anafyonza. Alipozima, kilio cha wifi kikatokea katikati, kikubwa, chote kwa pamoja. Watu wa friji wakapanda ngazi kuja kutazama. Muuzaji akageuka, akatuona wawili tunalia, akashika tai yake.

"Mathe," akasema kwa upole, "bei tunaweza kuongea."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na wifi akanitazama kwa hasira, kisha na yeye akaanza, kamasi na kicheko pamoja, akijipangusa kwa ncha ya kitambaa. Tukamwambia muuzaji tunarudi. Hakutuamini.

Tuliingia hoteli iliyo mkabala, tukaagiza chai na mandazi. Wifi alikoroga chai yake muda mrefu ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Halafu akaniuliza, "Alishawahi kukwambia alianza lini kufagia?"

Nikasema alianza siku alipoleta lile pipa.

"Ulijua baba alikuwa mpishi kwa wazungu?"

Hilo nililijua.

"Mama alikuwa mgonjwa wa mgongo. Hakuweza kuinama. Mimi nilikuwa mdogo bado. Kaka ndiye alifagia nyumba, akafagia na uwanja, kila asubuhi kabla ya shule. Watoto wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wanapita wanasimama kwa ua wanamwangalia. Walimwita msichana. Walimpa hata jina la msichana, na hilo jina likamfuata mpaka darasani." Akavunja andazi, hakulila. "Sasa kule kwa nyumba kubwa, kwa mlango wa jikoni, alikuwa anaona ile mashine ya memsahib, mke wa mzungu. Akaniambia, siku moja nitafagia na hiyo, na nitafunga mlango."

Nikaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mapazia..."

"Asionekane."

"Wifi. Section 58 nzima ilikuwa inasikia."

"Kusikia si kuona," akasema, kwa heshima kabisa, kama mtu anayemtetea kaka yake mahakamani. Kisha uso ukamvunjika, akacheka tena, na mwenye hoteli akaja kutuuliza kama chai ina shida.

Lakini nilipotulia nilihisi hasira kidogo. Miaka yote ile nimeinua miguu, na mtu hakuona haja ya kunieleza. Ningemfungia mlango mwenyewe. Ningesimama nje nikawaambia wapita njia kwamba mimi ndiye ninayefagia, na wangeniamini, maana nani angeamini vingine? Pengine alitaka kunieleza, na kwa jinsi ile mashine ilivyopiga kelele sikumsikia. Sijui. Wafu wana tabia hiyo: unapata swali zuri la kuwauliza baada ya kila mtu kwenda nyumbani.

"Chukua ile nyekundu," wifi akasema. "Ukiiwasha utamsikia."

"Ndiyo sababu siitaki."

Akashika tena kijiko chake.

"Wifi, nilimsikia vya kutosha. Nilimpenda, na nilimsikia. Sasa nataka kusikia redio. Ile nyeupe ndiyo naichukua."

"Itakuwa kama nyumba haina mwanaume."

"Haina," nikamwambia.

Akachukua mkoba wake. Hakunikatalia, lakini alitembea mbele yangu hadi dukani na hatua ndefu za watu wa kwao, na nilipokuwa nikilipa kwa simu alisimama kando ya pipa jekundu, ameliwekea mkono, kama mtu anayeaga mgonjwa. Muuzaji alimuuliza kama na yeye amfungie moja. Akamjibu kwamba kuku wake hawangeipenda.

Hasira yake ilidumu mpaka nilipoenda sokoni kununua viazi. Niliporudi niliona kutoka langoni kuwa mapazia yote yamefunguliwa na mlango uko wazi hadi mwisho. Ndani, wifi yangu alikuwa amesimama juu ya kochi bila viatu, anafyonza vumbi juu ya fremu ya picha ya harusi. Zulia lilikuwa limemalizika. Kochi limemalizika. Alikuwa amefyonza cherehani, vitambaa, mkeka wa bafuni na ndani ya viatu vyangu vya kanisa. Paka wetu, asiyependa mtu, alikuwa amelala chali katikati ya zulia, nusu yake iking'aa.

"Haina kelele," akaniambia, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nikibisha. "Ukiwa nayo unaweza kuendelea na maombi yako."

Siku ya ibada watu walifika wakiwa wengi kuliko viti. Zulia lilikuwa limerudi rangi yake, na walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililotuletea shida nyingine ya soksi, lakini tulifungua madirisha. Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema marehemu alikuwa mtu wa utaratibu, mtu aliyependa amani na utulivu. Alipotaja utulivu, yule jirani yetu mpole aliinamisha kichwa akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akatoka nje, na mimi nikauma mdomo nikitazama picha ya harusi. Wifi aliniminya paja. Sijui alikuwa ananikanya au anajizuia.

Tulipokwisha kula, mjomba mmoja mzee aliyetoka Keringet, mwenye koti zito la sufu ambalo nadhani huvaliwa msimu wote na pia hulaliwa na kondoo, aliuliza kile kijiti cheupe kilicho ukutani ni cha nini. Hilo lilikuwa kosa. Wifi alikitoa, akakiwasha, akasema, "Mjomba, hebu simama." Mzee akasimama. Akamwambia ainue mikono. Akainua. Akampitishia begani, mgongoni, kwenye kola, na koti ambalo sote tulikuwa tunalijua kuwa la kijivu likaanza kuwa la bluu. Watu wakasogea karibu. Mzee akajitazama kifuani.

"Endelea," akasema. "Hata huku chini."

Mwingine akasimama nyuma yake. Kisha mwingine. Muda si muda palikuwa na foleni ya wazee kutoka kochi hadi jikoni, mikono juu kama watu wanaopekuliwa mlangoni mwa benki, kila mmoja akilalamika kuwa aliyemtangulia anachukua muda. Shangazi mmoja alileta kofia ya mumewe ambaye hakuwa amekuja. Watoto walikimbia wakijimwagia makombo ya chapati kwenye nguo makusudi. Wifi yangu, jasho likimtoka, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, alikuwa akiwageuza watu kwa mabega kama fundi anayepima suti, na sikuwa nimemwona na furaha vile tangu tumzike kaka yake.

Mchungaji alijifanya hana haja, akasogea sogea, mwishowe akajikuta mbele. Ana suti nyeusi, na suti nyeusi Nakuru ni ushuhuda dhidi yako. Wifi alianza na mkono wa kulia, kuanzia begani hadi kwenye kifungo, polepole kwa heshima ya kazi yake. Ukatoka mweusi kama siku ulipokatwa. Akahamia wa kushoto, na mashine ikatoa mlio mdogo, taa yake ikageuka nyekundu, ikazima.

"Imeisha moto," wifi akasema. Akaenda kuichomeka ukutani. "Usiondoke, mchungaji, ni muda kidogo tu."

Mchungaji alikuwa ameshatuambia ana kikao kingine mjini. Akautazama mkono mmoja. Akautazama ule mwingine. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaniomba sahani nyingine ya viazi.